Vakansi Chini ya Mlima wa Theluji

Neno "vakansi" kwetu Munigi lina maana moja tu: watoto wametoka shuleni mwezi wa saba, na sasa jembe lawangoja. Kuna viazi na maharage, na maji ya kuchota mbali, maana juu ya mawe ya volkano maji hayakai. Hupenya chini na kupotea. Mtu mzima hana vakansi. Akikaa bure siku tatu, majirani waja kupiga hodi na kuuliza kama ni mgonjwa.

Basi mwaka wa 2023 binti yangu aliponiita kwake Ufaransa, "uje upumzike kidogo, Baba," nilikaa juma zima bila kumjibu. Yeye hutandika vitanda na kusafisha vyumba katika hoteli moja ya Chamonix, mji ulio chini ya Mont Blanc, yaani Mlima Mweupe. Mji huo wajulikana dunia nzima kwa mchezo wa theluji. Watu hujifunga mbao mbili nyembamba miguuni, wakateremka mlimani kwa kuteleza, mbio kuliko gari. Lakini mimi niliitwa mwezi wa nane, wakati wa jua kali huko Ulaya. Wazee wenzangu wakacheka sana. "Mwalimu, waenda kwenye mji wa theluji wakati theluji imekwisha? Huko ni kwenda sokoni usiku!" Hawakusema uongo. Nami nikaondoka na swali hilo: mji uliozoea kulishwa na theluji, wakati wa jua hula nini?

Safari sitaisimulia. Tulivuka mpaka, tukashika njia ya Kigali, na mtu aliyepanda ndege mara moja anajua zote.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni urefu wa mahali. Mji wa Chamonix uko meta 1,035 juu ya bahari. Ziwa letu Kivu peke yake liko meta 1,460 hivi, na Munigi tuko juu ya ziwa. Maana yake, mji ule wa theluji uko chini kuliko kitanda changu! Nilimwambia mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na mitatu, naye akakataa kabisa. Akatafuta katika simu yake, akanyamaza. Nikamweleza kama nilivyowaeleza wanafunzi miaka mingi: sisi tuko karibu na ikweta, jua hutupita utosini mwaka mzima, kwao wakati wa baridi jua huinama, mchana huwa mfupi, na theluji huanguka mpaka uani kwa mtu. Sisi tukitaka kuiona sharti tupande Ruwenzori, karibu na kilele cha Margherita chenye meta 5,109. Hata huko yapungua mwaka kwa mwaka.

Na mji wenyewe wakati wa jua? Ni kijani kitupu. Madirisha yana maua, na njia zimejaa wageni hata huwezi kupita. Mahali wanapoteleza watu wakati wa baridi pamekuwa malisho, na ng'ombe wanene wanatembea na kengele shingoni, kila mmoja na sauti yake. Maziwa yao hufanywa jibini. Nilionja, nikasema ni nzuri, lakini fromaji ya Masisi haijashindwa. Binti yangu akacheka, akasema nimekuja Ulaya kuwaletea ubishi.

Zile mashine za kamba za chuma zinazowapandisha watu wa theluji hazilali. Wakati wa jua huwapandisha watu na baiskeli zao. Hilo sikulielewa, na hata leo silielewi: mtu analipa ili baiskeli yake ipelekwe juu, kisha aipande na kuteremka mbio kama mwenye wazimu, akifika chini analipa tena. Kijana wetu wa chukudu akiteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi, walau yeye hulipwa.

Siku moja binti yangu alipata ruhusa kazini akanipeleka mahali paitwapo Aiguille du Midi, maana yake Sindano ya Adhuhuri. Ni mwamba mkali wenye meta 3,842. Wameufikia kwa kamba ya chuma tangu 1955. Waingia katika chumba kinachoning'inia, watu wengi mmesimama mmebanana kama katika basi, na kwa muda wa dakika ishirini hivi umekwisha kupita urefu wa Nyiragongo, ambayo ina meta 3,470. Nilikumbuka nilivyopanda Nyiragongo nikiwa kijana, kutoka Kibati: saa tano za kutweta, mawe yanakatakata viatu, na juu kabisa ule moto unaochemka kama chungu cha shetani. Kule Ufaransa nilifika juu nikiwa na tai shingoni! Lakini kichwa kiliniuma kama nyundo, na pumzi ilikuwa fupi. Mwili haudanganywi na mashine.

Toka pale niliuona Mont Blanc karibu. Si mrefu kuliko Ruwenzori yetu. Kilele chake ni barafu tupu, kwa hiyo urefu wake hubadilika. Walipoupima mwaka ule ule wa 2023 walipata meta 4,805 na kitu, pungufu ya meta mbili kuliko 2021. Watu wa kwanza kukifikia kilele walikuwa wenyeji wa bonde lile, Jacques Balmat na tabibu Michel-Gabriel Paccard, tarehe 8 Agosti 1786. Kabla ya hapo Chamonix palikuwa mahali pa wakulima maskini. Mwaka wa 1741 wakaja Waingereza wawili, Windham na Pococke, kutazama barafu, wakaandika habari zake, na wageni wakaanza kufuatana. Mchezo wa theluji ulikuja nyuma sana. Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya wakati wa baridi ilifanyika hapo mwaka wa 1924. Basi nikapata jibu la swali langu. Mji ule ulianza kula kwa jua, theluji ikaongezwa baadaye. Vakansi ya wakati wa jua ndiyo mama, ile ya mbao miguuni ni mtoto.

Lakini sasa nataka kuwaeleza habari ya barafu yenyewe, maana hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi.

Juu ya mji kuna mto mkubwa wa barafu uitwao Mer de Glace, Bahari ya Barafu. Ni mto kweli: theluji ya juu hugandamana miaka mingi, ikawa barafu nzito, nayo hushuka polepole kwa uzito wake. Hapo kale ulishuka mpaka bondeni, karibu na kijiji cha Les Bois. Karne ya kumi na saba kulikuwa na baridi kuu, barafu ikaongezeka, ikasukuma mawe na miti, ikafunika mashamba. Wenyeji wakaogopa kwamba watamezwa. Wakamwomba askofu. Mwaka wa 1644 akaja Askofu Charles-Auguste de Sales, mpwa wa Mtakatifu Fransisko wa Sales, akaongoza maandamano ya watu kama 300 mpaka penye barafu, akaibariki na kuomba irudi nyuma.

Niliposoma habari hiyo nilisimama. Watu wa Munigi, je, haitukumbushi kitu? Nani kati yetu hakushika rozari usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021, mbingu yote nyekundu, na moto unashuka kuelekea Buhene? Sisi tuliomba moto usimame, wao waliomba barafu isimame. Maneno yangeweza kuwa yale yale.

Sasa sikilizeni yaliyobaki. Kwenda kwenye Bahari ya Barafu hupandwa gari-moshi dogo lenye meno, lililofika mahali paitwapo Montenvers mwaka wa 1909. Siku hizo abiria alishuka, akaiona barafu imejaa bonde pale chini yake. Mimi nilishuka nikaona shimo refu la mawe ya kijivu. Nikamwuliza binti yangu, "Barafu iko wapi?" Akanionyesha chini, mbali, ulimi mchafu uliofunikwa na vumbi. Mwaka wa 1988 walijenga mashine ya kamba kuwashusha watu karibu na barafu, na ikabaki kukanyaga vidaraja vitatu tu. Mwaka nilipofika mimi, vidaraja vya chuma vilikuwa zaidi ya 500. Njiani wamepigilia vibao vya miaka, kuonyesha barafu ilifika wapi: hapa 1990, unashuka, unashuka, hapa 2001, unashuka tena, hapa 2010. Mjukuu wangu alivisoma kwa sauti kama mtu anayesoma tarehe makaburini. Kisha akauliza, "Babu, na ule mwaka niliozaliwa mimi uko wapi?" Ulikuwa juu ya vichwa vyetu.

Dunia yaongezeka joto. Moshi wa viwanda na magari umeivika kama blanketi. Wataalamu wamelieleza jambo hili mara nyingi, sina haja ya kulirudia. Lakini kuna kisa kimoja cha waamini wenzetu kinachofaa kusimuliwa. Upande wa Uswisi, wanakosema Kijerumani, vijiji vya Fiesch na Fieschertal viliweka nadhiri mwaka wa 1678 kuomba barafu kubwa ya Aletsch isiwaangamize. Wakaishika nadhiri zaidi ya miaka 300. Barafu ikarudi nyuma, ikazidi kurudi, mpaka wakaona kwamba wanaomba kitu ambacho sasa chawadhuru, maana barafu ile ndiyo maji yao wakati wa jua. Nadhiri haibadilishwi ovyo. Mwaka wa 2009 wakaomba ruhusa Roma kuyageuza maombi, Roma ikakubali. Sasa waomba barafu isiondoke.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, ni sikukuu ya waongozi wa mlima pale Chamonix, wale wanaowaongoza wageni juu kwa kamba. Waongozi hukusanyika wamevaa nguo zao za kazi, na padre hubarikia kamba na vishoka vya barafu. Mimi nimekwisha kuona wakibarikia mbegu, magari, nyumba mpya, hata pikipiki. Kamba sijapata kuona. Kisha huwakumbuka wenzao waliokufa.

Baada ya Misa nilisimama kando, mgeni mweusi mwenye koti la kuazima, na mzee mmoja aliyekuwa muongozi zamani akanikaribia. Akaniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia nakaa chini ya volkano, akashika kichwa.

"Bwana, mwalala namna gani usiku?"

"Twalala kama ninyi," nikamjibu. "Nimesikia kwamba mwezi wa pili mwaka wa 1999 theluji iliporomoka hapa Montroc ikaua watu 12 majumbani mwao. Ninyi mwalala namna gani?"

Akacheka, akanishika mkono, tukaenda pamoja makaburini. Ukitembea pale waona majina yale yale yarudi: Balmat, Couttet, Simond, Payot, Ravanel. Baba muongozi, mwana muongozi. Mzee alinieleza kwamba mwaka wa 1820 waongozi watatu walifunikwa na theluji juu ya Mont Blanc, wakaacha jamaa zao bila kitu. Mwaka uliofuata, 1821, wenzao wakafanya chama. Wakaweka zamu ili kila mmoja apate kazi, si wale wajanja tu, na wakaweka sanduku la fedha: katika kila ujira sehemu ndogo huingia sandukuni, kwa ajili ya mgonjwa na mjane. Chama hicho kiko hai mpaka leo.

Nilimwambia nami habari aliyoisahau au hakupata kuisikia. Mwaka wa 1906 Luigi wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi, alipofika kilele cha Margherita juu ya Ruwenzori, waliomwongoza walikuwa wanaume wa Courmayeur, upande wa pili wa mlima huu huu: Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Ollier na Brocherel walikuwa wamekwisha kupanda Mlima Kenya pamoja na Mwingereza Mackinder mwaka wa 1899. "Basi tu jirani," mzee akasema. Nikasema naam, ila wapagazi wetu waliowabebea mizigo siku zile, majina yao hayakuandikwa juu ya jiwe lolote.

Jioni ile binti yangu aliniwekea chai, akafunga mlango wa jikoni. Nilijua. Akasema, "Baba, usirudi. Mwaka wa 1977 ulikimbia moto. Mwaka wa 1994 kipindupindu cha wakimbizi kilikuwa mlangoni pako Munigi. Mwaka wa 2002 nyumba yetu iliungua, na katedrali ya Goma ikaungua. Mwaka wa 2021 ukakimbia kwa miguu mpaka Sake, na miguu hii. Sasa vita viko Rutshuru, watu wamejaa katika mahema Kanyaruchinya. Unangoja nini?"

Nikasema kila mahali kuna mlima. Hata hapa, mwaka wa 1892, maji yaliyofichika ndani ya barafu ya Tête Rousse yalipasuka usiku yakaangamiza watu wapatao 175 bondeni Saint-Gervais.

"Ndiyo, Baba. Na mwaka wa 2010 wakagundua maji yamejikusanya tena mle mle, meta za ujazo 65,000. Unajua walifanya nini? Walitoboa barafu wakayavuta kwa pampu, wakaweka na king'ora kwa watu wa chini. Mlima ni mlima. Lakini hapa kuna anayeutazama na kuwaambia watu. Ninyi mwaka wa 2021 nani aliwaambia?"

Sikuwa na jibu. Ni kweli, jioni ile ya Jumamosi hakuna aliyetuambia neno. Tuliona wenyewe, tukakimbia. Watu zaidi ya 30 wakafa. Tunao watazamaji wetu wa volkano pale Goma, watu wenye elimu, lakini mwenye elimu bila vyombo na bila fedha ni kama mlinzi aliyenyimwa taa. Binti yangu alisema haki. Watu wa Ulaya si hodari kutushinda, wala milima yao si mipole. Wamelipia macho.

Lakini kukaa sikukaa. Nina wajukuu wengine watatu Munigi, mama yao ni mjane; na kaburi la mke wangu liko pale; na kusema kweli, mtu wa miaka sabini akikaa katika nchi ya vakansi huwa kama kiti kilichosahauliwa barazani. Binti yangu alilia, kisha akanifungia vitu. Mwenyewe alikuwa na vyumba kumi na vinne vya kutandika siku ile, maana vakansi ya wengine ndiyo kazi yake.

Tangu nirudi mengi yamepita, mnayajua. Mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Goma. Mahema ya Kanyaruchinya yakavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Wageni waliokuwa wakipanda Nyiragongo walikuwa wamekoma kabla ya hapo, kwa ajili ya moto wa 2021 na vita vilivyofuata. Vijana wa Kibati waliokuwa wakibeba mizigo ya wageni walirudia jembe, wengine makaa.

Nilipowasimulia habari ya waongozi wa Chamonix, hawakuuliza juu ya theluji wala zile baiskeli. Waliuliza juu ya sanduku: nani alishika ufunguo? Nikawaambia sikumwuliza mzee, wakasikitika kweli. Kisha mmoja wao, aliyepoteza kaka yake katika kazi ya ulinzi wa hifadhi ya Virunga, akauliza kama majina yale ya makaburini huandikwa na nani. Katika hifadhi yetu, tangu ilipoanzishwa 1925, walinzi zaidi ya 200 wameuawa kazini. Siku moja tu, tarehe 24 Aprili 2020, waliuawa 12 karibu na Rumangabo, njia hii hii yetu.

Kijana huyo amenunua daftari la shule. Jumapili baada ya Misa huketi penye ukuta wa mawe, na watu huja kumpa majina: walinzi, wapagazi, waliokufa kwa moto wa 1977, wa 2002, na wa 2021, waliovuta ile hewa mbaya ya mazuku wakalala wasiamke. Palikuwa na ubishi juu ya mama mmoja aliyekufa siku ya kukimbia, njiani Sake, si kwa moto bali kwa kuchoka. Wengine walisema hakufa kwa mlima. Kijana aliwasikiliza wote, akalamba ncha ya kalamu, akamwandika.